Carey Francis: Alama za Mtihani Hazikuwa Kikomo cha Safari

Wahenga walituusia tuuwahi udongo ungali maji, nasi walimu tumeushika usia huo kwa mikono miwili. Hata hivyo, ni nadra sana kwetu kujiuliza tunaufinyanga udongo huo uwe chombo gani, na kama chombo chenyewe kitafaa kwa lolote siku mtihani utakapokuwa umepita.

Swali hili lilinijia upya nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja iliyo karibu na mtaa wa Dallas, mjini Embu. Msomaji asiyeujua mtaa huo asihadaike na jina lake. Dallas ya Marekani ina majumba marefu na matajiri wa mafuta. Dallas ya Embu ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, wa nyumba zilizosongamana, ambamo mtoto anayetumwa dukani husikia Kiembu, Kimbeere, Kimeru, Kikamba na Sheng kabla hajarudi na chumvi. Nilikuwa nimeombwa nizungumzie ufanisi katika masomo. Ukutani palikuwa pamebandikwa karatasi kubwa yenye wastani wa alama ambao kila darasa liliazimia kuufikia.

Nilipomaliza, msichana mmoja aliinuka akaniuliza kama mashairi anayoyaandika nyuma ya daftari lake la hisabati yanaweza kumsaidia kufaulu. Wenzake wakacheka. Mwalimu mmoja wa makamo, mtu mwema aipendaye kazi yake, akamjibu kwa niaba yangu kwamba wakati wa mashairi utakuja baada ya mtihani. Kisha akaongeza kuwa Carey Francis hangeijenga Alliance kwa mashairi. Msichana akaketi, akalifunika daftari lake kwa kiwiko.

Sikumjibu mwalimu yule papo hapo, kwa kuwa si adabu mgeni kumkosoa mwenyeji mbele ya watoto wake. Walakini maneno yake yalinifuata safari nzima, nami nimeona ni heri nimjibu hapa, kwa kuyasimulia maisha ya mtu huyo aliyemtaja. Naamini kwamba sisi walimu wa Kenya tumemrithi Carey Francis nusu tu, na nusu tuliyoiacha ndiyo ambayo msichana yule aliihitaji.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa kijana, akahudumu nchini Ufaransa kama afisa wa kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alijiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, akasomea hisabati na kufuzu kwa daraja la kwanza. Haikuchukua muda mrefu kabla hajapewa kazi ya kufundisha somo hilo katika Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote vya Cambridge. Akishirikiana na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati mashuhuri zaidi wa Uingereza katika karne ya 20, alitunga kitabu cha mazoezi kuhusu misururu isiyo na kikomo, kilichochapishwa mwaka 1928. Kwa kipimo chochote cha wasomi, huyu alikuwa mtu aliyekwisha kufika. Alikuwa na cheo, makao, heshima na mustakabali.

Mwaka uo huo wa 1928 aliyaacha yote hayo. Akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alijiunga na CMS, shirika la wamishenari wa Kianglikana, akaabiri meli kuja Kenya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno, iliyoanzishwa na shirika hilo mwaka 1906 pale panapopita mstari wa ikweta. Mtu aliyezoea kufundisha vijana waliochujwa Uingereza nzima sasa alisimama mbele ya wavulana ambao wengi wao walitoka katika nyumba zisizokuwa na kitabu hata kimoja. Hakuiona kazi hiyo kuwa ya chini. Kwa miaka 12 aliyokaa Maseno aliwafundisha hesabu kwa bidii ile ile aliyoitumia Cambridge, na hatimaye akaandika vitabu vya hesabu vilivyotumiwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alikuwa mmoja wa vijana waliosoma Maseno katika enzi yake.

Mnamo 1940 aliteuliwa kuiongoza Alliance High School, huko Kikuyu. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, na mwalimu mkuu wake wa kwanza, G. A. Grieves, ndiye aliyekuwa ameisimamia hadi wakati huo. Nafasi za elimu ya sekondari kwa Waafrika zilihesabika kwa vidole, na Alliance ilipokea wavulana kutoka pembe zote za nchi. Embu nayo ilipata kumpeleka huko Jeremiah Nyagah, aliyekuja kuwa mwalimu, mbunge na waziri kwa miaka mingi. Carey Francis alikaa Alliance kwa miaka 22, na jina lake likaambatana na la shule hiyo kiasi kwamba hata leo mtu akilitaja moja, la pili humfuata.

Huyo ndiye Carey Francis anayejulikana na walimu wetu, yaani mtu wa saa, wa usafi, wa ukaguzi wa asubuhi, wa kazi za mikono na wa nidhamu isiyoyumba. Matokeo ya wanafunzi wake katika mtihani wa Cambridge yaliwashangaza hata wakoloni walioshikilia kuwa Mwafrika hawezi kushindana na Mzungu katika taaluma. Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963, wengi wa waliokabidhiwa wizara na ofisi kuu walikuwa wamepitia Alliance. Si ajabu, basi, kwamba walimu wakuu wa vizazi vilivyofuata walimwiga. Waliiga kengele yake, waliiga ukali wake, na zaidi ya yote waliyatamani matokeo yake.

Lakini je, hayo tu ndiyo yaliyokuwa yakitendeka ndani ya ua la shule ile? La hasha. Katika miaka ya 1950 kila mwaka wanafunzi wa Alliance waliigiza tamthilia ya Shakespeare. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia shuleni humo mwaka 1955 na kufariki mwaka 2025 akiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa bara hili, ameusimulia utamaduni huo katika kumbukumbu zake. Mtu anaweza kusema kuwa Shakespeare alikuwa sehemu ya ukoloni wa akili, na Ngũgĩ mwenyewe aliwahi kuijenga hoja hiyo kwa nguvu zake zote. Sitampinga. Ninalotaka msomaji aliangalie ni jambo lililozaliwa kando ya Shakespeare, pasipo mtahini yeyote kuliagiza.

Kati ya mwaka 1954 na 1957, wavulana wa Alliance walianza kutunga na kuigiza tamthilia zao wenyewe kwa Kiswahili. Henry Kuria alitunga Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike alitunga Maisha ni Nini. Gerishon Ngugi alitunga Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na B. M. Kurutu akatunga Atakiwa na Polisi. Kazi hizi hazikubaki katika madaftari ya shule. Zilichapishwa zikawa vitabu. Tunapowafundisha wanafunzi wetu historia ya tamthilia ya Kiswahili, aghalabu sisi huanza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Naam, hiyo ni kazi kubwa. Hata hivyo, zaidi ya miaka kumi kabla yake, vijana waliokuwa bado wamevaa sare ya shule walikuwa wamekwisha kuitia lugha hii jukwaani na kuichekesha hadhira yao kwa mambo ya mapenzi, ya mji na ya usasa.

Kwangu mimi, mtu wa isimu, jambo hili lina uzito wa pekee. Vijana wale hawakuwa wana wa pwani. Kiswahili hawakukinyonya kwa mama zao. Walikiokota njiani, sokoni na mabwenini, walipokutana na wenzao wa makabila mengine. Shule ilikuwa imewaonyesha waziwazi kwamba lugha ya cheo ni Kiingereza. Lakini walipopata jukwaa, muda na hadhira, walikichukua hicho Kiswahili cha kuokota wakakifinyanga wakatoa chombo ambacho hakikuwapo. Huo ndio ubunifu. Mtoto hahitaji kungoja mpaka aimiliki lugha yote ndipo atunge. Anaimiliki kwa kutunga. Mtoto wa Dallas anayechanganya lugha tano kabla ya saa nne za asubuhi ana akiba ambayo wavulana wale wangeitamani.

Sidai kwamba Carey Francis aliketi akazipanga tamthilia hizo za Kiswahili. Alikuwa mwanahisabati na mmishenari, na fikira zake kuhusu elimu zilikuwa za Kiingereza. Ninachodai ni kwamba chini ya paa lake palikuwa na nafasi. Juma halikujazwa mitihani ya majaribio pekee. Palikuwa na jukwaa, na michezo, na kazi ya mikono, na saa ambazo mvulana aliweza kufanya jambo kwa kuwa jambo lenyewe lilimvutia. Na shule iliyoacha nafasi hiyo ndiyo hiyo hiyo iliyoongoza katika mtihani. Mwalimu anayedhani kuwa kila dakika ya utunzi ni dakika iliyoibiwa kutoka kwa alama anapaswa kulieleza jambo hilo kabla hajamtaja Carey Francis.

Haitakuwa haki kumsifu bila kuzitaja kasoro zake. Carey Francis alikuwa mlezi aliyeamini kwamba yeye ndiye ajuaye mtoto anafaa kuwa nini. Aliitilia shaka siasa ya kupigania uhuru na aliipinga Mau Mau. Wanafunzi wake wengine, Odinga akiwa mmoja wao, walikuja kuhitilafiana naye waziwazi. Walakini Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, na askari wa serikali wakaanza kuwatesa watu wa Kikuyu na viunga vyake, mtu huyo huyo hakunyamaza. Aliwaandikia wakubwa wa serikali kuulalamikia ukatili huo, katika wakati ambapo Mzungu aliyefanya hivyo alihesabiwa na wenzake kuwa msaliti. Alikosea katika mengi, lakini hakuwa mtu wa kuangalia upepo unavuma wapi ndipo aseme.

Sasa nifike kwenye sehemu ya maisha yake ambayo sijasikia ikitajwa katika hotuba za siku za kutolea zawadi. Mwishoni mwa mwaka 1962 Carey Francis alistaafu Alliance, akiwa na umri wa miaka 65. Angeweza kurejea Uingereza akaishi kwa heshima miongoni mwa wasomi wa Cambridge. Angeweza kutafuta kiti katika serikali mpya iliyojaa wanafunzi wake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda Pumwani, mtaa mkongwe wa Waafrika mashariki mwa jiji la Nairobi, mtaa wa maskini na wa msongamano, akawa mwalimu wa kawaida katika Shule ya Sekondari ya Pumwani. Hakuwa mwalimu mkuu. Mtu aliyekuwa ameongoza Maseno na Alliance kwa jumla ya miaka 34 alikubali kuwa chini ya mwalimu mkuu mwingine, akashika chaki na kuwafundisha watoto ambao hawakuwa wamechujwa na mtihani wowote mkali. Alifanya kazi hiyo hadi alipofariki mwezi Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68.

Hebu tuyatafakari hayo kwa makini. Iwapo lengo la maisha yake lilikuwa kuongoza orodha ya matokeo, Pumwani haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa ni kuporomoka. Lakini wito wa shule ya Alliance wakati wake ulikuwa kwamba mtu awe na nguvu ili awatumikie wengine. Nguvu haikuwa kikomo. Nyuma yake palikuwa na swali la matumizi. Carey Francis alilijibu swali hilo kwa miguu yake, alipotoka Peterhouse na kumalizikia Pumwani. Na Pumwani, ndugu msomaji, ni jina jingine la Dallas.

Tangu miaka ya 1980, wanasaikolojia wa elimu kama vile Carol Dweck na John Nicholls wamepambanua aina mbili za malengo ambayo mwanafunzi huweza kuwa nayo darasani. Kuna anayelenga kulielewa jambo na kulimudu, ambaye kipimo chake ni kile alichokuwa hakijui jana. Na kuna anayelenga kuonekana kuwa bora kuliko wengine, au angalau kutoonekana kuwa mjinga. Wa kwanza akikabiliwa na jambo gumu huvumilia, hubadilisha mbinu, hujaribu tena. Wa pili anaweza kufanya vyema mambo yakiwa mepesi, lakini akijikwaa mara nyingi huiogopa kazi ngumu na kuiepuka, kwani kosa kwake ni aibu badala ya kuwa hatua. Sisi walimu hatuwezi kuamua kila kitu kuhusu mtoto, lakini kwa jinsi tunavyosahihisha, tunavyosifu na tunavyobandika karatasi ukutani, tunamweleza kila siku ni lengo lipi tunalolithamini.

Kutunga, iwe ni shairi, hesabu mpya au kigari cha waya, hakuwezekani kwa mtu anayeogopa kukosea. Mtunzi hufuta, hurudia, huchekwa. Kwa hiyo shule inayowafunza watoto kuwa kosa ni fedheha haiwezi kupata watunzi, hata kama sera zake zimejaa neno ubunifu. Nalisema hili kwa sababu Kenya imekwisha kulitia neno hilo katika mtaala wake. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na Mtaala wa Umilisi unautaja ubunifu kuwa mmojawapo wa umilisi wa kimsingi. Hiyo ni hatua njema. Lakini karatasi ya serikali haibadilishi moyo wa darasa. Sote tunajua kwamba kuna kazi za ubunifu ambazo mzazi huzilipia zichapishwe saiba usiku, ili mtoto aziwasilishe asubuhi na kupewa alama. Hapo tumebadilisha jina la mtihani tu. Lengo ni lile lile la kuonekana.

Tufanyeje, basi? Sitatoa mapendekezo yanayohitaji pesa, maana najua hali ya shule zetu. Kwanza, shule itenge kipindi kimoja kwa juma ambacho wanafunzi watatunga na kusomeana au kuigiziana, pasipo kutolewa alama. Pili, kando ya karatasi ya wastani wa alama pabandikwe kazi za wanafunzi wenyewe, zikiwa na ufutaji wake na masahihisho yake, ili watoto waone kuwa kazi nzuri huanza ikiwa mbovu. Tatu, mwalimu asahihishapo insha aache angalau swali moja litakalomrudisha mwanafunzi kwenye kazi yake, badala ya kuandika tarakimu pekee. Nne, tusizidharau lugha ambazo mtoto huja nazo kutoka mtaani. Tumwonyeshe namna ya kuzivusha hadi Kiswahili sanifu, kama wavulana wale wa Alliance walivyovuka.

Wako watakaosema kwamba mtoto wa maskini hana fursa ya kuchezea. Yeye anahitaji alama ili atoke katika umaskini, mashairi ni anasa ya wenye nacho. Hoja hiyo naiheshimu, kwani mwenye kuitoa mara nyingi ni mtu aliyeokolewa na alama, nami ni mmoja wao. Sisemi alama hazina maana. Carey Francis mwenyewe hakupata kuzidharau. Nasema kwamba alama humfungulia mtoto mlango, lakini akishaingia ndani ataulizwa ana nini cha kutoa, na huko hakuna karatasi ya majibu ya kuchagua. Kumnyima mtoto wa Dallas mazoezi ya kutunga kwa sababu ni maskini ni kumwongezea umaskini wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mwalimu yule wa makamo alisema kweli kwa upande mmoja, kwani Carey Francis hakuijenga Alliance kwa mashairi. Aliijenga kwa kazi, kwa mpangilio na kwa hesabu zilizofundishwa vyema. Lakini ndani ya jengo hilo palikuwa na jukwaa, na juu ya jukwaa hilo vijana wa Kenya waliipatia lugha ya Kiswahili tamthilia ambazo haikuwa nazo. Na jengo lilipokamilika, mjenzi hakukaa ndani yake kujivunia. Alichukua chaki akaenda Pumwani.

Nitarudi Embu muhula ujao, Mungu akipenda. Nimemwomba mwalimu yule ruhusa ya kukaa na wanafunzi wake kwa kipindi kimoja cha alasiri, naye amekubali kwa moyo mkunjufu. Sitakuwa na hotuba. Nitamwomba msichana yule aligeuze daftari lake la hisabati, atusomee kilicho nyuma. Kisha tuligeuze tena sote pamoja, tufanye hesabu zilizo mbele. Kurasa zote mbili ni za daftari moja, na daftari ni lake.